Enaiposha: sayari yenye jina la Kimaa na miaka ya kuisaka hewa yake

Tarehe 7 Juni 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitangaza majina mapya ya nyota 20 pamoja na sayari zake. Jozi moja ya majina hayo ilitoka Kenya. Nyota iliyokuwa ikijulikana kama GJ 1214 ikaitwa Orkaria, na sayari inayoizunguka, GJ 1214 b, ikaitwa Enaiposha. Yote mawili ni maneno ya Kimaa, lugha ya Wamaasai. Orkaria ni ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipaka. Enaiposha ni maji mengi yaliyokusanyika mahali pamoja, kama ziwa au bahari.

Kwetu Mara maneno ya Kimaa si mageni. Jina Serengeti lenyewe limetoka huko, na ukivuka mpaka kuelekea Bonde la Ufa unakutana na Ziwa Naivasha, ambalo jina lake ni Enaiposha lililopindwa na ndimi za wageni. Kwa hiyo mtu wa Tarime au Mugumu akisikia kwamba kuna sayari inaitwa hivyo, hana haja ya kung'ata ulimi.

Nyota iliitwa ngeu kwa sababu ni nyekundu. Hilo halina ubishi. Sayari je? Iliitwa maji mengi kwa sababu wanasayansi walidhani huenda imejaa maji. Walidhani. Hakuna aliyeyaona, na hadi leo hakuna picha ya sayari hiyo hata moja. Makala hii inasimulia jinsi watu walivyojaribu kujua hewa ya sayari wasiyoiona, kwa nini ilibidi darubini zipelekwe angani, na wapi Afrika Mashariki inaingia. Twende taratibu.

Kabla ya yote: Malindi, 1970

Watu wengi wakisikia darubini za angani wanafikiria Marekani na Ulaya tu. Kumbe darubini ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka pwani ya Kenya. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walikuwa wamelisimika baharini karibu na Malindi. Setilaiti ilikuwa ya Marekani, warushaji wakawa Waitaliano. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, mhandisi aliyeongoza mradi huo NASA, akaipa setilaiti jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwa nini Malindi? Kwa sababu iko karibu na ikweta. Dunia inajizungusha kwa kasi kubwa zaidi ikwetani, hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Zaidi ya hapo, njia inayofuata ikweta iliiepusha Uhuru na eneo la juu ya Atlantiki ya Kusini ambako mionzi mikali husumbua vifaa. Katika miaka yake michache ya kazi Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Uhuru haikuchunguza sayari. Naitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, ilionyesha wazi kwa nini darubini inapaswa kutoka nje ya hewa ya dunia: eksirei za angani haziwezi kabisa kupenya hewa hii na kutufikia chini. Ya pili ni jina. Mwaka 1970 jina letu lilipandishwa angani na watu wengine, kwa heshima, lakini na watu wengine. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Zuhura alipopita mbele ya Jua

Tarehe 8 Juni 2004, kuanzia kama saa 2 na robo asubuhi hadi karibu saa 8 na nusu mchana, sayari ya Zuhura ilikatiza mbele ya Jua. Afrika Mashariki yote ilikuwa upande wa mchana kwa muda wote huo. Aliyekuwa na kifaa salama cha kutazamia angeona kidoa cheusi cha mviringo kikisogea polepole juu ya uso wa Jua. Zuhura alipita tena Juni 2012, na huku kwetu tulipata sehemu ya mwisho tu Jua lilipochomoza. Mara nyingine ni Desemba 2117, hivyo tuwaachie wajukuu.

Mpito kama huo ndio ufunguo wa hadithi nzima. Mwaka 1761 Mrusi Mikhail Lomonosov aliutazama mpito wa Zuhura akiwa St. Petersburg, akaona mwanga kama utepe mwembamba kwenye ukingo wa sayari ilipokuwa inaingia na kutoka kwenye uso wa Jua. Akahitimisha kwamba Zuhura ana angahewa inayopinda mwanga. Yaani sayari ikiwa mbele ya nyota yake, mwanga kidogo unapita kwenye hewa yake kabla ya kutufikia. Mwanga huo unabeba habari.

Habari gani? Kila gesi ina rangi zake inazozimeza. Mvuke wa maji unameza baadhi ya rangi za infraredi, sodiamu inameza rangi yake ya manjano, kaboni dayoksaidi nayo ina yake. Ukiupasua mwanga katika rangi zake, kama upinde wa mvua unavyofanya, unapata kinachoitwa spektra. Rangi ambayo gesi inaimeza inaifanya sayari ionekane kubwa kidogo katika rangi hiyo, kwa sababu hewa inazuia mwanga pamoja na mwili wa sayari. Pima ukubwa wa sayari katika rangi moja baada ya nyingine, utajua hewa yake ina nini.

Kwa Zuhura ni rahisi kiasi, yuko jirani. Kwa sayari inayozunguka nyota ya mbali huoni kidoa chochote. Unaona nyota tu, nukta moja, na kinachobadilika ni mwanga wake kufifia kidogo sayari inapopita. Mwaka 1999 mwanafunzi wa uzamivu wa Harvard, David Charbonneau, na wenzake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kushuhudia kufifia huko, kwenye nyota HD 209458. Miaka miwili baadaye timu yake ikatumia darubini ya angani ya Hubble na kutangaza kwamba imeona sodiamu katika hewa ya sayari hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kugundua chochote katika angahewa ya sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa Jua.

Mbona Hubble, wakati darubini za chini zipo kubwa zaidi? Kwa sababu ya hewa yetu. Ni kama kunusa moshi wa jiko la jirani huku wewe umekaa ndani ya jiko lako lenye kuni mbichi. Unatafuta mvuke wa maji wa sayari nyingine kupitia mvuke wa maji uliojaa juu ya kichwa chako. Unaweza kujitahidi, lakini ni afadhali utoke nje.

Sayari iliyopatikana kwa darubini ndogo

Sayari ya HD 209458 ni jitu la gesi, haifanani na kitu tunachokijua. Charbonneau alitaka sayari ndogo zaidi. Wazo lake lilikuwa rahisi: ukitaka kuona sayari ndogo, tafuta nyota ndogo. Sayari yenye upana mara 2.7 wa dunia ikipita mbele ya Jua letu, mwanga unapungua kwa chini ya sehemu moja kati ya elfu. Ikipita mbele ya nyota ambayo upana wake ni moja ya tano ya Jua, mwanga unapungua kwa zaidi ya asilimia 1. Nyota hizo ndogo, nyekundu, zisizo na joto kali, huitwa vibete vyekundu, na ndizo zilizo nyingi kuliko zote.

Mradi wake uliitwa MEarth. Ulikuwa na darubini 8 kwenye mlima Hopkins, Arizona, kila moja na kioo cha kipenyo cha sentimita 40. Ukubwa huo si wa kutisha, ni wa darubini ambayo chuo chenye nia kinaweza kuinunua. Mwaka 2009 mwanafunzi wa uzamivu Zachory Berta ndiye aliyeona kwenye data kwamba mwanga wa kibete kimoja, GJ 1214, unapungua mara kwa mara. Darubini ya mita 3.6 iliyoko La Silla, Chile, ikapima jinsi nyota inavyoyumbishwa na sayari, na uzito ukapatikana. Ugunduzi ukachapishwa Desemba 2009 kwenye jarida la Nature.

Hapa kuna takwimu zake kwa vipimo vya sasa. Iko umbali wa karibu miaka ya nuru 48. Ina uzito wa takriban mara 8 ya dunia na upana wa mara 2.7. Inaizunguka nyota yake kwa muda wa saa 38 tu, yaani mwaka wake ni siku moja na nusu na kidogo. Kutoka kwetu ukitaka kujua iko wapi, simama Kisaka mwishoni mwa Julai kati ya saa 3 na saa 4 usiku na utazame karibu na utosi, kaskazini ya kundi la Nge. Kundi hilo linaitwa Hawaa, kwa Kilatini Ophiuchus. Nyota yenyewe hutaiona kwa macho, ni hafifu mno, lakini inapita huko juu kila mwaka.

Sasa gawanya uzito kwa ujazo. Unapata takriban gramu 2.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Dunia yetu ina 5.5, maji yana 1. Sayari hii ni nyepesi mno kuwa mwamba mtupu. Lazima kuna kitu chepesi. Lakini kipi?

Mwaka 2010 Leslie Rogers na Sara Seager wa MIT walikokotoa na kupata majibu matatu yanayowezekana. Moja, ni kama Neptuni ndogo, yenye bahasha ya hidrojeni na heliamu iliyobaki tangu sayari ilipoumbika. Mbili, ni sayari ya maji: sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, na juu kuna mvuke mzito wa moto. Tatu, ni mwamba wenye bahasha nyembamba ya hidrojeni iliyovuja kutoka ndani. Uzito na upana haviwezi kuamua kati ya hayo matatu. Mwamuzi ni hewa.

Mstari ulionyooka

Kimsingi jaribio lilikuwa jepesi. Hidrojeni ni gesi nyepesi, inatuna na kupanda juu sana, kwa hiyo spektra yake ingekuwa na vilima na mabonde makubwa. Mvuke wa maji ni mzito zaidi, unatulia karibu na sayari, vilima vyake vingekuwa vidogo. Pima tu urefu wa vilima.

Desemba 2010 Jacob Bean, Eliza Kempton na Derek Homeier walichapisha vipimo vya darubini ya VLT ya Paranal, Chile. Matokeo: mstari ulionyooka. Hakuna kilima wala bonde. Kwa hiyo hewa ya hidrojeni iliyo safi ikakataliwa. Yakabaki mambo mawili: ama hewa ni nzito, pengine mvuke wa maji, ama kuna mawingu yanayoziba kila kitu. Mwaka 2012 Berta akaongoza vipimo vya Hubble. Mstari ukanyooka tena.

Hapo ndipo wazo la sayari ya maji lilipokuwa na nguvu. Magazeti ya dunia yaliipenda habari hiyo. Lakini mstari ulionyooka ni jibu la hatari, kwa sababu ni rahisi kuujaza matumaini yako. Hauoni kitu, kwa hiyo unaweza kusema lolote.

Njia pekee ilikuwa kupima kwa ukali zaidi, hadi kufikia mahali ambapo hata vilima vidogo vya mvuke wa maji vingelazimika kujitokeza. Laura Kreidberg, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu wa Chicago, na timu yake wakapewa muda mkubwa wa Hubble: saa 96 zilizotawanywa katika miezi 11, wakitazama mipito 15 ya sayari hiyohiyo. Fikiria uzito wa ombi hilo. Hubble ni moja tu, kila mwanaastronomia duniani anaigombea, na wewe unataka kutazama mara 15 kitu ambacho mara mbili kimekuonyesha mstari mtupu.

Jibu lilichapishwa Nature mwanzoni mwa Januari 2014. Mstari umenyooka. Umenyooka kiasi kwamba hata hewa ya mvuke wa maji mtupu, methani au kaboni dayoksaidi, isiyo na mawingu, haiwezi kuueleza. Maana yake ni moja: mawingu au utando mzito juu sana angani. Baada ya miaka minne ya kazi wakajua jambo moja la hakika, kwamba kuna pazia.

Unaweza kuuliza: huo ni ushindi au kushindwa? Mimi naona ni ushindi. Kabla ya hapo "hatuoni kitu" ilikuwa na maana mbili, baada ya hapo ina maana moja. Mtu anayeishi kwenye miinuko ya Tarime anajua tofauti kati ya kusema "mlima haupo" na kusema "kuna ukungu". Aliyesema la pili anajua la kufanya, hata kama ni kusubiri.

Kutazama joto badala ya kivuli

Kulikuwa na njia nyingine, na ilikuwa imeanza kujaribiwa zamani. Sayari zilizo karibu mno na nyota zao huishia kuielekezea nyota upande mmoja tu, kama Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja. Upande mmoja ni mchana wa milele, mwingine ni usiku wa milele. Sayari inapozunguka, inatuonyesha usiku wake inapopita mbele ya nyota, kisha polepole inatugeuzia mchana wake kabla ya kujificha nyuma. Ukipima joto kwa infraredi katika mzunguko mzima, unapata tofauti ya mchana na usiku. Hapo huhitaji mwanga upenye pazia; unapima joto linalotoka kwenye pazia lenyewe.

Mwaka 2007 Heather Knutson, naye mwanafunzi wa uzamivu wa Harvard wakati huo, aliongoza timu iliyotumia darubini ya angani ya Spitzer kuchora ramani ya kwanza ya joto ya sayari ya nje, jitu la gesi liitwalo HD 189733 b. Mwaka 2019 Kreidberg, yuleyule wa mipito 15, akaigeuza Spitzer kwenye sayari ndogo ya miamba iitwayo LHS 3844 b. Mchana wake ulikuwa na joto la nyuzi zaidi ya 700, usiku wake haukutoa joto la kupimika. Kama kungekuwa na hewa nzito, upepo ungehamisha joto kutoka mchana kwenda usiku. Haukuhamisha. Kwa hiyo hakuna hewa ya maana, na mwanga unaotoka ni wa ardhi yenyewe: mwamba mweusi, unaofanana na basalti ya volkano. Ona maajabu hayo: sayari isiyo na hewa inakuonyesha uso wake, yenye hewa inauficha.

Kwa GJ 1214 b Spitzer haikutosha. Ilihitajika darubini kubwa zaidi.

Darubini hiyo, James Webb, ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, siku ya Krismasi mwaka 2021, saa 9 na dakika 20 alasiri kwa saa za hapa kwetu. Roketi ya Ariane 5 ilielekea mashariki, ikavuka Atlantiki na bara la Afrika. Kituo cha Malindi kilikuwa kwenye mnyororo wa vituo vilivyoifuatilia. Darubini ilijitenga na roketi kama dakika 27 baada ya kuruka, na watu duniani kote wakaona kwenye video jinsi ilivyokunjua paneli yake ya sola na kuondoka. Pwani ileile iliyoirusha Uhuru miaka 51 kabla, safari hii ilisikiliza tu ikipita.

Julai 2022 Webb, yenye kioo cha mita 6.5, ikaielekea GJ 1214 na kuitazama bila kuondoa jicho kwa zaidi ya saa 38, mzunguko mzima na ziada. Kazi hiyo iliongozwa na Eliza Kempton, yule wa mstari ulionyooka wa 2010, Bean naye akiwemo. Matokeo yalitoka Nature Mei 2023. Upande wa mchana una joto la nyuzi 280 hivi za Selsiasi, wa usiku kama 165. Sayari inarudisha angani karibu nusu ya mwanga unaoipiga, kwa hiyo pazia lake linang'aa, si jeusi kama masizi. Na tofauti kubwa ya mchana na usiku inaonyesha hewa ni nzito, haiwezi kuwa hidrojeni na heliamu tupu. Zaidi ya hapo, spektra za pande zote mbili zilikuwa na alama za kitu kinachomeza joto, na maelezo yaliyokubalika zaidi yalikuwa mvuke wa maji.

Jina kabla ya jibu

Hapa tarehe zina maana. Shindano la majina lilitangazwa mwaka 2022, na sayari zilizowekwa mezani zilikuwa miongoni mwa zile ambazo Webb ingezitazama mwanzoni. Nchi yoyote iliruhusiwa kushiriki. Timu zilitakiwa kuwa na wanafunzi, walimu na wapenzi wa nyota, na kufanya shughuli ya kuelimisha umma. Timu ya Kenya ilipendekeza Enaiposha kabla matokeo ya Kempton hayajachapishwa. Jina likatangazwa wiki nne tu baada ya makala ya Nature.

Wakenya hawakubahatisha hewani. Walisoma kilichojulikana, yaani uzito mdogo unaoweza kuelezwa kwa maji, wakachagua neno linalobeba dhana hiyo. Hiyo ni kazi ya kisayansi kwa namna yake: unasema unachodhani kwa lugha yako, halafu unasubiri vipimo. Na hapa ndipo narudi kwa Uhuru. Jina la 1970 tulipewa. La 2023 tulilitoa wenyewe, na tulilitoa kwa hoja.

Je, hoja imesimama? Ngoja. Januari 2025 zilichapishwa makala mbili zilizohusiana, moja ikiongozwa na Everett Schlawin wa Arizona, nyingine na Kazumasa Ohno wa Japani. Walichambua mipito iliyotazamwa na Webb na kuona dalili hafifu sana za kaboni dayoksaidi, na pengine methani, juu ya pazia. Wenyewe wanasema dalili ni dhaifu na zinahitaji kuthibitishwa. Lakini kama ni za kweli, hewa ya juu ya Enaiposha ina vitu vizito kwa wingi kuliko hidrojeni, na mfano wa karibu si ziwa wala bahari. Ni Zuhura: hewa nene ya kaboni, pazia linalong'aa, joto, na uso usioonekana. Sayari tuliyoiita maji mengi inaweza kuwa dada mkubwa wa sayari tuliyoitazama ikikatiza Jua mwaka 2004.

Wengine watauliza kama basi jina libadilishwe. Halitabadilishwa, na hakuna sababu. Tambarare nyeusi za Mwezi zinaitwa bahari kwa Kilatini tangu karne ya 17, na hazina tone la maji ya kuogelea. Jina linabaki kama kumbukumbu ya kile watu walichokuwa wanakifikiri walipolitoa. Na kwa Enaiposha mlango haujafungwa: maji yanaweza kuwa ndani kabisa, chini ya pazia, na kaboni ikawa juu. Vipimo vilivyopo haviamui.

Tuliobaki na kazi

Rudia majina ya waliofanya hatua kubwa katika hadithi hii: Charbonneau 1999, Knutson 2007, Berta 2009, Kreidberg 2014. Wote walikuwa wanafunzi wa uzamivu. Hawakuwa na darubini zao binafsi angani. Walikuwa na swali, data, na mtu wa kuwasimamia.

Upande wa data, hali ni nzuri kuliko watu wengi wanavyojua. Vipimo vya Hubble, Spitzer na Webb vinawekwa wazi kwenye hifadhi za umma. Vya Webb, hata vile vinavyofungwa kwa ajili ya timu iliyoviomba, kwa kawaida hufunguliwa baada ya mwaka mmoja. Mwanafunzi aliyeko Musoma mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya kusuasua anaweza kupakua mpito wa Enaiposha na kuuchambua mwenyewe, kwa programu ambazo nazo ni za bure. Mahesabu ni ya kiwango cha shahada ya kwanza ya fizikia, ukiongeza uvumilivu.

Upande wa kuomba muda wa darubini, kila mwaka Webb hupokea maombi kutoka nchi yoyote. Wanaoyapima hawaoni jina la mwombaji wala la chuo chake. Wanasoma hoja tu. Utaratibu huo ulianza kwenye Hubble mwaka 2018, na Webb ikaurithi. Kwa hiyo ombi lililoandikwa Dodoma au Nairobi linasomwa kama lililoandikwa Chicago, ilimradi hoja yake ina nguvu ya kulingana nalo. Kinachopungua kwetu ni wasimamizi wa kutosha na masomo ya astronomia vyuoni, na hilo halitatuliwi na jina zuri.

Swali lenyewe lipo wazi kwa yeyote anayelitaka: chini ya pazia la Enaiposha kuna maji, au kuna Zuhura mkubwa? Mpito mwingine unatokea kila baada ya saa 38.